Jinsi ya kuchunguza neno la Kigiriki katika Biblia: paraklētos, kutoka Yohana 14 hadi 1 Yohana 2

Fungua Yohana 14:16 katika Biblia ya Union Version: "naye atawapa Msaidizi mwingine." Kisha fungua 1 Yohana 2:1: "tunaye Mwombezi kwa Baba, Yesu Kristo mwenye haki." Anayesoma Kiswahili peke yake hawezi kutambua kwamba mistari yote miwili ina neno moja la Kigiriki, παράκλητος, yaani paraklētos. Yohana 14 inamtaja Roho kwa neno hilo, na waraka unamtaja Yesu kwa neno lilelile.

Hili ni neno zuri la kujifunzia kazi ya kuchunguza msamiati wa Biblia. Katika Agano Jipya lote limetokea mara 5 tu, kwa hiyo mtu anaweza kulipitia lote kwa jioni moja bila kuruka mstari. Tena limezungukwa na takriban kila aina ya kosa ambalo wahubiri na walimu wa Biblia hufanya wanaposema "katika Kigiriki neno hili maana yake ni..."

Vifaa

Tafuta Biblia mbili za Kiswahili (Union Version na Habari Njema zinatosha), Agano Jipya la Kigiriki lenye tafsiri chini ya kila neno, na kamusi ya kweli. Mtandaoni, STEP Bible ya Tyndale House, Cambridge, na Bible Hub hutoa matini ya Kigiriki bure, kila neno likiwa na namba yake ya Strong. James Strong alitoa itifaki yake (orodha ya maneno yote ya Biblia na mistari yanapotokea) mwaka 1890, na namba zake zinafaa sana kwa kazi moja: kujua ni neno gani la Kigiriki limekaa nyuma ya tafsiri. Paraklētos ni G3875, kitenzi parakaleō ni G3870, na nomino paraklēsis ni G3874.

Maelezo mafupi yanayoandamana na namba hizo yasichukuliwe kama kamusi. Sehemu kubwa yake ni orodha ya maneno ambayo wafasiri wa King James waliyatumia, kwa hiyo ukiyategemea utajifunza Kiingereza cha mwaka 1611 ukidhani unajifunza Kigiriki. Kwa maana zenyewe tumia kamusi ya Agano Jipya inayojulikana kwa kifupi BDAG (toleo la 2000), na kwa Kigiriki cha zamani zaidi tumia kamusi iitwayo LSJ, ambayo inapatikana bure mtandaoni. Zote zimeandikwa kwa Kiingereza.

Tafuta kwa namba, usitafute kwa Kiswahili

Wengi huanza kwa kuchukua itifaki ya Kiswahili na kutafuta "msaidizi". Matokeo yake ni haya: unafikishwa Mwanzo 2:18, "nitamfanyia msaidizi wa kufanana naye", na kabla hujakaa sawa somo limeshaunganisha Roho Mtakatifu na Hawa. Katika Septuaginta, yaani Agano la Kale la Kigiriki, neno la mstari huo ni boēthos, na ndilo pia lililo nyuma ya Waebrania 13:6, "Bwana ndiye anisaidiaye." Halina undugu wowote na paraklētos. Warumi 8:26, "Roho naye hutusaidia udhaifu wetu", nako kuna kitenzi kingine kabisa. Kwa upande wa pili, itifaki ileile ya "msaidizi" itakuficha 1 Yohana 2:1, mstari ambao ndio ufunguo wa neno zima.

Ukitafuta G3875 utapata hivi:

Yohana 14:16, paraklēton, umbo la mtendwa (Baba atawapa huyo)
Yohana 14:26, paraklētos, umbo la kiima
Yohana 15:26, paraklētos, kiima
Yohana 16:7, paraklētos, kiima
1 Yohana 2:1, paraklēton, mtendwa (tunaye huyo)

Andika mistari hii kwenye karatasi moja, kila mmoja na mistari mitatu iliyo kabla yake na mitatu iliyo baada. Usiguse kamusi kwanza. Soma ukijiuliza jambo moja tu: mtu huyu anafanya nini, mbele ya nani, kwa faida ya nani?

Umbo la neno

Paraklētos limeundwa kwa para, "kando ya", na shina la kaleō, "kuita". Kiishio -tos katika maneno ya aina hii kwa kawaida hubeba maana ya kutendwa: agapētos ni mpendwa, klētos ni aliyeitwa. Msemaji wa Kiswahili ana nafuu hapa, maana lugha yake inatenganisha mambo haya kila siku. Mteule si mteuzi. Mtume si mtumaji. Paraklētos basi yuko upande wa mteule na mtume: ni aliyeitwa aje kando ya mtu. Mfariji ni mtendaji, na Kigiriki kilikuwa na njia yake ya kumtaja mtendaji wa kitenzi hiki. Ayubu 16:2 katika Septuaginta, pale Ayubu anapowaambia rafiki zake kwamba ni "wafariji wenye kutaabisha", ina paraklētores.

Walakini usijenge hoja nzima juu ya umbo. Asili ya neno inaonyesha lilikotoka, haisemi linatumikaje. Neno "mtume" limetokana na kutuma, lakini kijana wa bodaboda uliyemtuma akuletee chakula haitwi mtume, na ukimwita hivyo watu watacheka. Hata umbo la kutendwa halikuwazuia wasemaji wa Kigiriki kulisikia neno hili kwa namna nyingine. Akila na Theodotioni, waliotafsiri upya Agano la Kale kwa Kigiriki karne ya 2, waliweka paraklētoi katika Ayubu 16:2, na hapo maana ni wafariji bila ubishi.

Ndugu wa neno, na kosa la kuwaazima maana

Parakaleō limetokea mara 109 katika Agano Jipya, na paraklēsis mara 29. Union Version imeyatafsiri kwa njia nyingi kulingana na mahali: kusihi katika Warumi 12:1, kuonya katika Warumi 12:8, kufarijika katika Mathayo 5:4, faraja katika Luka 2:25 na tena na tena katika 2 Wakorintho 1:3-7. Hiyo ni kawaida ya kitenzi kipana. Kosa huja pale mtu anapokusanya maana zote hizo, kusihi, kuonya, kufariji, kutia moyo, na kuzimwaga zote ndani ya paraklētos: "Roho ni Msihi, Mwonyaji, Mfariji na Mtia moyo, yote katika neno moja." Hakuna neno linalobeba maana zake zote kwa mpigo mmoja, sembuse maana za ndugu zake.

Kwa Yohana hoja hiyo ina udhaifu zaidi, na jambo hili halisemwi vya kutosha. Injili ya Yohana na nyaraka zake tatu hazitumii parakaleō hata mara moja. Paraklēsis nalo halimo. Je, Yohana hakuwa na haja ya kusema "kufariji"? Alikuwa nayo. Katika Yohana 11:19 Wayahudi wamefika kwa Martha na Mariamu "ili kuwafariji kwa habari ya ndugu yao", na kitenzi alichotumia ni paramytheomai. Anakirudia katika 11:31. Alipotaka kusema faraja kwa wafiwa alichukua neno jingine. Huu si ushahidi wa kufunga kesi, lakini unatosha kumfanya mwalimu asite kabla ya kusema kwamba paraklētos "maana yake halisi" ni mfariji kwa sababu limetoka kwenye parakaleō.

Nje ya Biblia lilitumikaje

Hapa ndipo panapostahili muda wako mwingi. Mara 5 hazitoshi kujua uzito wa neno. Inabidi uone watu wengine walivyolisema.

Mwaka 343 KK Demosthenes, msemaji maarufu wa Athene, alifungua hotuba yake ya mashtaka kuhusu ujumbe wa Athene kwa Filipo, mfalme wa Makedonia, kwa kuwalalamikia paraklētoi, watu walioitwa na mshtakiwa waje kumwombea kwa waamuzi wa kesi. Kumbuka mahakama za Athene zilivyokuwa: mwenye kesi alijisemea mwenyewe, kisha akawaita marafiki wenye heshima wasimame upande wake. Paraklētos hapo hakuwa wakili mwenye leseni na bili. Alikuwa mtu mwenye sura mbele ya wenye uamuzi, anayekubali jina lake lihusishwe na lako. Ndiyo maana kutafsiri "wakili" moja kwa moja kunapunguza jambo upande mmoja na kuliongeza upande mwingine.

Filo wa Aleksandria, Myahudi aliyeishi wakati mmoja na Yesu, analitumia mara kadhaa. Katika kitabu chake juu ya Yusufu, Yusufu anapowasamehe ndugu zake anawaambia hawahitaji paraklētos mwingine: msamaha umetoka kwake, hakuna haja ya mtu wa kati. Katika kitabu chake juu ya uumbaji anasema Mungu aliumba bila kumtumia paraklētos yeyote, kwani alikuwepo nani mwingine? Pale haombewi mtu. Maana ni mshauri au mtu wa kukusukuma ufanye jambo. Weka mifano hii miwili bega kwa bega na utaona upana wa neno: mahakama ipo, lakini si kila mahali.

Kiebrania cha marabi kililiazima neno hili kama praklit. Katika Pirke Avot, mkusanyo wa semi za marabi, sura ya 4, Rabi Eliezeri ben Yakobo anasema kwamba atendaye amri moja hujipatia praklit mmoja, na atendaye kosa moja hujipatia kategor mmoja. Kategor nalo ni la Kigiriki, katēgōr, yaani mshitaki. Jozi hiyo ni ya thamani kubwa kwako, kwa sababu neno huonyesha maana yake vizuri zaidi linapowekwa kando ya kinyume chake.

Na Wakristo wenyewe? Didake, kitabu kifupi cha mafundisho ya Wakristo wa mwanzo, katika orodha yake ya njia ya mauti, inawataja "paraklētoi wa matajiri" pamoja na wanaohukumu maskini kinyume cha sheria: watu wa kuwakingia kifua wenye mali. Halafu ipo barua ya makanisa ya Lyon na Vienne kuhusu mateso ya mwaka 177, iliyohifadhiwa na Eusebio katika kitabu cha 5 cha Historia ya Kanisa. Inasimulia jinsi Vettius Epagathus, kijana mwenye cheo, alivyoomba asikilizwe mbele ya gavana ili awatetee ndugu zake. Alikataliwa, akaulizwa kama naye ni Mkristo, akakiri, akaunganishwa na mashahidi wengine. Barua inamwita paraklētos wa Wakristo, aliye na Paraklētos ndani yake. Waandishi hao walifikiri na kuandika kwa Kigiriki. Kwao neno la mahakamani na jina la Roho lilikuwa moja, na walilichezea kwa makusudi.

Rudi sasa kwenye mistari mitano

Chukua ile karatasi yako. Mambo ambayo Paraklētos anafanya katika Yohana ni haya: anakaa na wanafunzi (14:16), anafundisha na kukumbusha aliyosema Yesu (14:26), anashuhudia habari za Yesu (15:26), anauhakikisha ulimwengu kwa habari ya dhambi, haki na hukumu (16:8), anaongoza katika kweli (16:13) na anamtukuza Mwana (16:14).

Ushahidi, hatia, hukumu: harufu ya mahakama ipo. Kitenzi cha 16:8 ni elenchō, kumweka mtu wazi kwamba amekosa. Ni kilekile cha 3:20, "matendo yake yasije yakakemewa". Lakini tazama nani yuko kizimbani. Katika 1 Yohana 2:1 aliyekosa ni muumini, na Yesu anasimama "kwa Baba" kwa ajili yake. Katika Yohana 16 anayebanwa ni ulimwengu, na Paraklētos anakaribia kuwa upande wa mashtaka. Kisha 14:26 haina mahakama kabisa; kuna darasa. Ndiyo sababu kila anayeshika maana moja tu hujikuta anaivuta kwa nguvu angalau katika mstari mmoja.

Kinachounganisha mistari yote ni kusimama upande wa mtu: mbele za Baba katika waraka, mbele ya ulimwengu unaochukia katika Injili (soma 15:18-27 kwa mfululizo, usianzie 15:26). Na faraja? Muktadha unaigusa, kwa maana 14:18 inasema "Sitawaacha ninyi yatima" na 16:6 inataja huzuni iliyojaa mioyoni. Wanafunzi wanafarijika kwa kuwa hawaachwi peke yao. Faraja ni tunda la kuwepo kwa Paraklētos, wala haijatajwa mahali popote kama kazi yake.

Hapo lakini kuna ushahidi wa upande wa pili, na mwalimu mkweli atautaja. Origeni, mwalimu wa Kanisa wa karne ya 3, katika kitabu chake juu ya misingi ya kwanza (De Principiis), anasema neno hili lina maana mbili: kwa Mwokozi ni mwombezi, kwa Roho ni mfariji. Sirili wa Yerusalemu, karne ya 4, anaeleza jina hilo kwa kusema Roho hufariji na kutusaidia udhaifu wetu. Hao walikuwa wasemaji wa Kigiriki, si watu wa kamusi. Kwa hiyo usisimame mimbarani ukasema "Mfariji" ni kosa. Sema kwamba ni usomaji wa kale, wenye msingi mwembamba ndani ya Yohana mwenyewe.

Mitego miwili ya sarufi

Wa kwanza ni ekeinos. Utasikia hivi: pneuma, "roho", ni nomino isiyo ya kiume wala ya kike, lakini Yohana anatumia ekeinos, kiwakilishi cha kiume; basi amevunja sarufi kusudi aonyeshe kwamba Roho ni nafsi. Kwa sikio la Kiswahili hoja inavutia, kwani sisi wenyewe tunasema "kipofu amefika" wala si "kipofu kimefika": upatanisho unafuata kiumbe, hautazami ki- ya mwanzo. Ila Yohana hakufanya hivyo. Katika 14:26 kiima ni ho paraklētos, nomino ya kiume, na "Roho Mtakatifu" ni maelezo yaliyowekwa katikati. Ekeinos inapatana na paraklētos, kama sarufi inavyotaka. Kiwakilishi kinachoifuata pneuma moja kwa moja katika mstari huohuo, ὅ (ho, "ambaye", tofauti na ὁ ya ho paraklētos), si cha kiume. Vivyo hivyo 15:26. Na katika 14:17, ambapo kinachorejelewa ni pneuma, Yohana anatumia auto, isiyo ya kiume. Hata 16:13-14, mahali hoja hii inapokaribia kusimama, ekeinos inaendeleza mnyororo ulioanzia kwa paraklētos wa 16:7. Anayetaka kufundisha nafsi ya Roho kutoka sura hizi atumie vitenzi: anafundisha, anashuhudia, anasikia, ananena. Hoja hiyo itasimama hata mbele ya mtu anayejua Kigiriki.

Mtego wa pili ni allos katika 14:16, "Msaidizi mwingine". Inadaiwa kwamba allos ni mwingine wa aina ileile na heteros ni mwingine wa aina tofauti. Wakati mwingine tofauti hiyo ipo, kama katika Wagalatia 1:6-7. Lakini linganisha swali la Yohana Mbatizaji, "au tumtazamie mwingine?" Mathayo 11:3 ina heteros, Luka 7:19, katika matini inayotumika leo, ina allos. Swali ni moja, mwulizaji ni mmoja. Tena huhitaji kanuni hiyo kabisa. Ukiisoma 14:16 pamoja na 1 Yohana 2:1, "mwingine" inajieleza: wa kwanza ni Yesu.

Neno gani kwa Kiswahili?

Mgawanyiko wa Msaidizi na Mwombezi haukuanzia Afrika Mashariki. Vulgata ya Kilatini iliacha paracletus katika Injili bila kuitafsiri na kuweka advocatus katika waraka. Luther akaweka Tröster, mfariji, katika Injili na neno jingine katika waraka. Advocatus ndilo pia lililozaa "Mwombezi wetu" ambalo Wakatoliki wanalisali katika Salamu Malkia, ambapo Kilatini kina advocata.

"Msaidizi" ni pana na halidanganyi, ila ni jepesi: msaidizi katika Kiswahili cha leo mara nyingi ni mtu wa chini ya bosi, msaidizi wa mkurugenzi, msaidizi wa nyumbani. Msikilizaji asipoelezwa anaweza kumpata Roho kama msaidizi wa muumini katika mipango yake mwenyewe. "Mwombezi" linafaa sana 1 Yohana na halifai 16:8, ambako hakuna anayeombewa. "Wakili" linaleta ada na ofisi. Kwa maoni yetu "Mtetezi" ndilo linalovumilia mistari mingi kuliko mengine, kwa kuwa mtu hutetewa mahakamani, kijiweni na hata msibani. Linayumba katika 14:26, pamoja na hayo, na litawafanya wasikilizaji wakimbilie Ayubu 19:25, "Mteteaji wangu yu hai", ambako Kiebrania ni go'el na Septuaginta haina paraklētos. Ukilitumia, toa tahadhari hiyo mapema.

Katika kufundisha, njia salama ni kusoma Biblia ya kanisa lenu kama ilivyo na kueleza neno pembeni. Kubadilisha maneno ya Biblia wakati wa kusoma kwa sauti huzua mjadala usiohusu somo.

Swali la periklytos

Katika mihadhara ya dini, Dar es Salaam hadi Mombasa, mapema au baadaye utakutana na hoja kwamba neno la asili lilikuwa periklytos, "mwenye sifa nyingi", likilingana na Ahmad wa Kurani 61:6, na kwamba lilibadilishwa. Jibu kwa adabu na kwa vitu vinavyoweza kukaguliwa.

Yaandike maneno yote mawili: παράκλητος na περικλυτός. Irabu tatu zinatofautiana: a imekuwa e, a ya pili imekuwa i, na ē imekuwa y. Katika Kiarabu na Kiebrania, ambazo maandishi yake ya kale yalibeba konsonanti zaidi, maneno yenye konsonanti zilezile yanaweza kusomwa kwa njia mbili. Kigiriki huandika irabu kama herufi kamili, kwa hiyo kuchanganya huko kungehitaji herufi tatu kubadilishwa, katika mistari minne, katika kila nakala. Funjo la P66, nakala ya kale ya Injili ya Yohana, ambalo kwa kawaida huwekwa karibu na mwaka 200, lina sehemu za sura hizi, na hakuna hati ya Kigiriki ya Yohana inayojulikana yenye periklytos. Neno lenyewe ni la ushairi, la Homeri. Agano Jipya halilitumii popote.

Jambo la kuongeza, ambalo pande zote mbili huwa hazilijui: Ibn Ishaq, mwandishi wa Sira (habari za maisha ya Mtume Muhammad) aliyefariki karne ya 8, ananukuu Yohana 15 na kulitoa neno hili kwa Kisiria kama munahhemana, kisha anasema kwa Kigiriki ni baraqlitis. Munahhemana ni la mzizi n-ḥ-m, mzizi wa faraja, uleule ulioko katika Kiebrania cha Ayubu 16:2. Yeye alilihusisha na Mtume Muhammad, lakini neno alilolipokea lilikuwa paraklētos. Mjadala wa nani anayetajwa na Yohana basi uamuliwe kwa kusoma 14:17, 14:26 na Matendo 1:4-5 na sura ya 2, mahali ambapo kila mmoja anaweza kufungua na kuangalia.

Kuandika somo

Ukurasa mmoja unatosha. Anza na mistari mitano na vitenzi vyake, kisha mifano miwili ya nje (Pirke Avot na barua ya Lyon hueleweka haraka kuliko Demosthenes), kisha sentensi mbili za maana kwa kila mstari, si maana moja kwa yote. Kigiriki kiandike mara moja tu kwa herufi zake, halafu endelea na "paraklētos" au "Paraklito" kama kanisa lenu limezoea, na tamka mkazo kwenye silabi ya pili: pa-RA-klē-tos. Nafasi ikibana, ondoa historia ya Kilatini na hoja ya allos. Sehemu ya ekeinos ibakize, kwa sababu hiyo ndiyo itakayoulizwa.